Mtoto Akisema "Tumbo Linaniuma", Amesema Nini?

Sidhani kama yuko mwalimu wa shule ya msingi humu nchini ambaye hajapata kuambiwa na mwanafunzi, "Mwalimu, tumbo linaniuma." Ni sentensi fupi, na kisarufi haina ila. Ngeli imeafikiana, kiambishi cha mtendwa kimekaa mahali pake, na wakati umedhihirika. Lakini kimaana sentensi hii ni gunia. Ndani yake mna mtoto aliyekula maembe mabichi, mna asiyepata choo kwa siku tano, mna anayeuogopa mtihani wa hisabati, mna mwenye minyoo, na mna mmoja ambaye asipofikishwa kwa daktari usiku huo huenda akapoteza maisha. Wote hao wametamka maneno yale yale.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu, na msomaji ana haki ya kuuliza ni lipi lililonileta katika uwanja wa watu. Jibu langu ni kwamba kabla ya dawa huja maelezo, na maelezo ni lugha. Daktari huanza kwa kuuliza. Anayejibu kwa niaba ya mtoto ni mzazi au mwalimu, na huyo hujibu kwa maneno aliyo nayo. Asipokuwa nayo je?

Miaka michache iliyopita mwanangu wa kiume, wakati huo akiwa na umri wa miaka tisa, aliamka akalalamika kwamba tumbo linamuuma. Ilikuwa Alhamisi, siku ya jaribio la Kiingereza. Nikaona ni visingizio vya watoto, nikamwambia anywe chai aende shule. Jioni alirudi kimya, akakataa chakula. Kwa bahati njema mkwe wangu, mwanamke wa Mombasa aliyesoma madrasa na darasa nne tu za shule, alikuwa ametutembelea. Alimketisha mtoto mkekani akamuuliza, "Ehe, mume wangu, lakuuma vipi? Lakukata, lakusokota, ama lakuchoma? Lilianzia wapi?" Mtoto akasema lilianzia kitovuni likiuma kidogo kidogo, na sasa limehamia huku chini, upande wa kulia, tena linakata. Bibi yake akamwambia aruke kwa mguu mmoja. Hakuweza. Saa tano za usiku alikuwa katika chumba cha upasuaji akitolewa kidole tumbo kilichokaribia kupasuka.

Mwenye shahada ya uzamifu katika isimu hakuuliza swali hata moja. Aliyeuliza ni yule mwenye darasa nne. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni wapi sisi wasomi tulikoyatupa maneno.

Maana maneno yapo tele. Tumbo la Mswahili huuma, hukata, husokota, hunguruma, huchoma, hujaa, huvurugika na huendesha. Aliyekula kupita kiasi amevimbiwa. Anayesikia moto kifuani baada ya kula ana kiungulia. Aliyejaa upepo ana riahi. Asiyepata choo ana uyabisi wa tumbo. Kuna kuhara na kuna kuhara damu, na hayo ni mambo mawili yanayotaka matibabu mbalimbali. Hata neno mchango, ambalo mwanafunzi wa leo analijua kwa maana ya fedha za harambee tu, wazee wa pwani wamelitumia tangu hapo kwa maradhi ya tumbo na minyoo. Lakini fungua insha mia za wanafunzi wetu zinazotaja ugonjwa, uone kama utakutana na kitenzi kingine zaidi ya kuuma.

Sababu moja ni haya. Tumewafunza watoto tafsida, na tafsida ni adabu njema, lakini tumeishia hapo. Mtoto anajua kuomba ruhusa ya "kwenda msalani". Hajui kumweleza mtu mzima alichokiona huko msalani, kwani tumemwonyesha kwamba habari hizo hazisemwi. Basi damu inaonekana siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, mtoto kanyamaza.

Na asidhani mtu kwamba hoja hii ya maneno ni anasa ya wanaisimu. Nchini Bangladesh, kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafunza akina mama kutengeneza maji ya kunywesha watoto wanaohara: mfinyo wa chumvi wa vidole vitatu, gao la ile ambayo sisi huiita sukari guru, na maji kiasi cha nusu lita. Kufikia mwaka 1990 walikuwa wamefikia zaidi ya kaya milioni 12. Akina mama walijifunza vizuri mno, lakini wengi hawakuyatumia maji hayo watoto walipougua. Walipochunguza, wakagundua kwamba wanakijiji walikuwa na majina manne ya kuhara: moja la kuhara kwa mtoto anyonyaye, moja la chakula kisichosagika, moja la choo chenye kamasi na damu, na la nne la kuhara maji mengi kunakofanana na kipindupindu. Wafunzaji walikuwa wakilitumia hilo la nne peke yake. Kwa hiyo mama aliyesikia somo alijua kwamba dawa ni ya ugonjwa ule mmoja tu, na mwanawe hakuwa nao. Ilibidi mafunzo yasahihishwe, majina yote manne yatajwe. Waama, neno moja lilitosha kuzuia dawa isifike kinywani mwa mtoto.

Hapa kwetu tuna mitego yetu. Upo usemi kwamba tumbo linaloendesha yafaa "lipumzishwe", yaani mtoto asipewe chakula wala maji mpaka lifunge. Usemi huu ni hatari. Anachomuua mtoto anayehara aghalabu si choo chenyewe, bali ni maji na chumvi zinazotoka mwilini bila kurudishwa. Mtoto aendelee kunyonya, aendelee kula, na apewe ile dawa ya unga wa chumvichumvi ichanganywe na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwani pakiti si zote za lita moja. Ikikosekana kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vitafaa hadi atakapofikishwa kliniki. Asiyetimiza miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara. Aliyezidi hapo, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza tena pole pole kwa kijiko. Kliniki wataongeza vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14, na visikatizwe kwa sababu tu mtoto amepata nafuu. Dawa za dukani za kufunga tumbo hazifai watoto wadogo. Wala kuhara maji matupu kwa kawaida hakuhitaji viuavijasumu. Damu katika choo ndiyo inayobadilisha hukumu hiyo, na hukumu ni ya daktari, si ya mwenye duka.

Wapo pia wanaoamini kwamba utosi wa mtoto mchanga uliobonyea ni maradhi mbali, yanayotaka kupakwa dawa utosini. Utosi huo ni alama. Unasema kwamba maji yamekwisha mwilini. Macho yaliyoingia ndani husema hivyo hivyo, na kinywa kikavu, na kulia bila machozi, na kukaa saa sita au zaidi bila kukojoa, na ngozi ya tumbo ambayo ukiifinya hurudi taratibu. Mtoto akilegea, akawa hawezi kunywa au anatapika kila anachopewa, hapo hapana tena mjadala wa nyumbani. Chanjo ya rotavirusi, iliyoingizwa katika ratiba ya watoto wa Kenya mwezi wa Julai mwaka 2014, inakinga dhidi ya mojawapo ya visababishi vikubwa vya kuhara kwa watoto wachanga, lakini haikingi vyote.

Sasa nije kwa walimu wenzangu, kwani kuna tatizo moja ambalo shule zetu zinalilea bila kujua. Ni uyabisi wa tumbo. Mtoto anafika shuleni, anakuta choo kinanuka, hakina mlango, hakina maji, na kuna wakubwa wanaocheka. Anaamua kuvumilia. Au anaomba ruhusa katikati ya somo, anaambiwa angoje kengele. Anangoja. Haja ikizuiwa mara nyingi, choo hukauka na kuwa kigumu; siku kitakapotoka kitamwumiza, naye kwa kuogopa maumivu atazidi kuzuia. Utumbo hutanuka mpaka ukapoteza hisia. Mwisho wake ni kinyaa: choo chepesi huvuja pembeni mwa kile kigumu na kuichafua nguo, mtoto mwenyewe asitambue mpaka wenzake wazibe pua.

Mtoto huyo tunamwitaje? Tunamwita mchafu, mvivu, mtoto mchanga wa darasa la nne. Nimeshuhudia mwanafunzi akisimamishwa mbele ya gwaride la asubuhi kwa kosa hilo. Kosa lipi? Huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake unatibika kwa dawa ya kulainisha choo inayotumiwa kwa majuma au miezi chini ya uangalizi wa daktari, pamoja na maji, matunda, mboga, na kuketishwa chooni bila haraka baada ya chakula, wakati ambapo utumbo husukuma wenyewe. Mzazi asiyejua huona ule uvujaji akadhani mwanawe anahara, akamnunulia dawa ya kufunga, akazidisha ugonjwa. Kwa rai yangu, kanuni ya kumzuia mtoto kwenda msalani wakati wa somo haina faida yoyote ya kielimu inayoweza kuhalalisha madhara hayo. Atakayeitumia ruhusa hiyo kuzurura tutamwona, tutamkanya. Hilo ni jambo dogo.

Je, na yule wa mtihani wa hisabati? Nisieleweke vibaya, naye ni mgonjwa wa kweli. John Apley, daktari wa watoto wa Bristol, Uingereza, alichapisha pamoja na mwenzake mwaka 1958 uchunguzi wa watoto 1000 wa shule, wakaona takriban mmoja kati ya kila kumi alikuwa na maumivu ya tumbo yanayokuja na kwenda, na walio wengi hawakuonekana kuwa na kasoro katika viungo vyao. Hofu huumiza tumbo hasa, wala mtoto hasemi uwongo. Apley ndiye aliyetuachia pia kipimo chepesi: kadiri maumivu yanavyokuwa mbali na kitovu, ndivyo inavyopasa kutafuta sababu nyingine. Ndiyo maana swali "wapi?" lina thamani kubwa. Mwambie mtoto aonyeshe kwa kidole kimoja. Kisha muulize lilianza lini, linamwamsha usingizini au la, amekula nini, ametapika nini, choo kilikuwaje.

Majibu mengine hayangoji kesho. Maumivu yaliyohamia chini upande wa kulia, pamoja na homa na kukataa chakula, ndiyo yale ya mwanangu. Tumbo lililokakamaa lisilotaka kuguswa ni la hospitali, na matapishi ya rangi ya kijani au yenye damu vivyo hivyo. Mtoto mchanga anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu, kisha akatoa choo chenye damu na kamasi mithili ya jemu, huenda utumbo wake umejiingiza ndani yake wenyewe kama soksi inavyokunjwa, na hapo saa huhesabiwa. Kuna na mambo ya kupelekwa kliniki bila mbio lakini bila kuahirisha: kuhara kunakofikia siku 14, kupungua uzito, maumivu yanayomwamsha mtoto usiku. Minyoo nayo isisahauliwe kwa kuwa ni ya kawaida. Ikikithiri huweza hata kuuziba utumbo, na siku ya kugawa dawa zake shuleni mtoto asibakizwe nyumbani.

Mwanangu sasa yuko katika shule ya upili. Likizo iliyopita alishika tumbo mezani, nikaacha kijiko. "Linanguruma tu, baba," akaniambia. "Halikati."