Uyoga Ukioza, Si Kila Mara Lawama ni ya Mbegu

Tangu ukulima wa uyoga uanze kunadiwa huku kwetu Pwani kama njia ya mkato ya kutoka kwenye ufukara, wimbo ni mmoja: mbegu mbovu. Mifuko yageuka kijani wiki ya pili, kikundi cha kina mama chakosana na muuzaji wa mbegu, na deni la chama labaki palepale.

Kwa maoni yangu, muuzaji mara nyingi husingiziwa. Kijani kile ni kuvu iitwayo Trikoderma, na makao yake ni udongo, vumbi la mbao na majani makavu, yaani mumo humo tunamooteshea uyoga. Huanza nyeupe kama uyoga wenyewe, ndiyo maana mkulima huigundua akiwa amechelewa. Miaka ya 1980 na 1990 iliwatia hasara kubwa wakulima wa Ireland, Uingereza na Amerika Kaskazini, watu wenye mitambo na wataalamu. Sembuse sisi wa pipa na kuni tatu?

Na kwenye kuni ndiko kwenye shida. Majani ya mpunga yatakiwa yapate mvuke hadi joto la nyuzi 60 au zaidi lifike katikati ya mzigo, likae saa kadhaa. Kuni ni ghali, moto wazimwa mapema. Nje pameiva, ndani pabichi. Kisha pumba yajazwa ili mavuno yazidi, na kuvu huipenda pumba kuliko chochote.

Kwa uyoga wa oista, unaostahimili joto letu kuliko ule mweupe wa vifungo, kuna njia isiyotaka moto. Majani hulowekwa kwenye maji ya chokaa iliyozimwa, ile ya waashi, saa 12 hadi 18, kisha huchujwa. (Vaeni glavu, yachoma.) Chokaa ya shambani haifai, haina makali. Nasi chokaa twaijua. Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kwayo.

Mafunzo niliyoyaona mimi hutumia muda mwingi kwenye hesabu ya faida. Wafadhili na serikali za kaunti wagharamie kipimajoto na pipa kabla ya banda la kupigia picha. Muuzaji naye aandike tarehe kwenye kila chupa ya mbegu. Na kila kikundi kiache mfuko mmoja uliotayarishwa sawa na mingine, bila kutiwa mbegu. Huo nao ukigeuka kijani, msimwendee muuzaji.