Siku ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu



Kwa wazee wenye watoto katika vyuo vikuu kuna lalamiko ambalo hutufikia mara kwa mara. Mzee husema: nikimpigia simu mwanangu saa nne za asubuhi namkuta yumo chumbani kwake, na nikimpigia saa moja u nusu za usiku haipokei, kesho yake huniambia alikuwa darasani, basi hiyo ni elimu gani? Na mwengine huongeza kuwa tangu kijana aondoke nyumbani, khabari ya sala zake haijulikani tena. Wazee huyataja mambo haya mbali mbali, nasi twaona ni jambo moja. Kwa hivyo leo twataka kuieleza siku ya mwanafunzi huyu ilivyo, tangu alfajiri hata alalapo, mzazi apate kujua mwanawe yuko katika hali gani.

Tutachukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwani ndicho kikongwe katika Tanzania. Kilianza mwezi wa Oktoba 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Sisi elimu yetu ni ya chuo cha Kurani na skuli ya msingi, na haya tuyasemayo tumeyapata kwa vijana tuliowasomesha, ambao wakija likizo huketi nasi tukawahoji.

La kwanza kufahamu ni kwamba huko hakuna kengele. Mtoto aliyetoka skuli ya bweni amezoea kuamshwa, kupangwa mstari, kuitwa jina na kuulizwa sababu ya kuchelewa. Chuo kikuu hupewa ratiba, na ratiba yenyewe ina mianya kama jamvi lililotoboka. Siku moja huenda ana mhadhara saa moja za asubuhi hata saa tatu, kisha hana kitu mpaka saa nane mchana. Siku nyingine asubuhi yote ni nyeupe, na masomo yake huanza alasiri yakamalizika saa mbili za usiku, kwa kuwa kumbi ni chache na wanafunzi ni wengi, nao hupokezana. Asipokwenda, hapana atakayemfuata chumbani kwake kumtafuta.

Mzazi akiiona ratiba hiyo hudhani mtoto amepumzishwa. Walakini hesabu yake si hiyo. Katika vyuo vikuu vya Tanzania masomo hupimwa kwa krediti, na kila krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani saa 3,600, nazo ni saa 1,200 kila mwaka. Chukua somo moja la krediti 12: hizo ni saa 120 katika muhula, na muhula ukiwa na wiki kumi na tano za masomo, hupata saa nane kila wiki. Darasani kwa somo hilo huketi saa tatu au nne. Zilizobaki ziko wapi? Ziko katika ile mianya! Saa ile ya nne za asubuhi, mzee alipompigia simu akamkuta chumbani, ni saa ya kazi mfano wa saa ya mhadhara, ila haina mwalimu wala msimamizi.

Basi hapa ndipo vijana wawili waliotoka mtaa mmoja hufarikiana. Mmoja akitoka darasani saa tatu hunywa chai na chapati, kisha huingia maktaba, nayo maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018, hukalisha watu zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja, akasoma mpaka Adhuhuri. Wa pili hurudi kitandani na simu yake. Hakufanya dhambi kubwa, alilala kidogo, akatazama mpira kidogo, akazungumza na wenziwe. Na jioni hujiambia atasoma usiku. Usiku hukesha hata saa nane, alfajiri humpita, na mhadhara wa saa moja humpita pia. Wiki ya kumi huja akiwa na kazi tatu za kuandika na majaribio mawili pamoja, na katika masomo mengi hizo kazi za muhula huchukua alama 40 katika 100. Aliyezipoteza hizo hazirudishi kwa kukesha wiki ya mtihani.

Sasa tuje katika sala. Zamani, katika misikiti iliyokuwa vyuo vikuu, kama Qarawiyyin ya Fes na Azhar ya Misri, mwanafunzi hakuulizwa ataswali saa ngapi. Darsa yenyewe ilikuwa msikitini, naye sheikhe wake ameegemea nguzo, na siku nzima imefungwa katika sala. Hata huku kwetu pwani, darsa baina ya Magharibi na Isha haijafa. Huko Mlimani siku imefungwa katika saa ya ukutani, na Mwislamu hana budi kuzipatanisha hizo mbili mwenyewe.

Kwa jiji la Dar es Salaam kazi hiyo si nzito kama wanavyodai wavivu. Alfajiri huingia karibu ya saa kumi na moja, na hakuna mhadhara wakati huo. Adhuhuri huingia baada ya saa sita kidogo, na Alasiri haiingii mpaka saa tisa zimepita; basi hata aliye darasani tangu saa sita hata saa nane ana zaidi ya saa nzima. Alasiri nayo ina nafasi kubwa. Penye tabu ni Magharibi. Wakati wake ni saa moja na dakika chache, nao huingia baina ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro dakika kumi, kwa kufuata miezi. Mwenye mhadhara wa saa kumi na moja mpaka saa moja, mwezi wa Februari akitoka huwa na karibu saa nzima. Mwezi wa Juni hubakiwa na dakika ishirini na tano tu, na hapo bado hajatawadha wala hajafika msikitini. Na mwenye mhadhara wa saa kumi na mbili mpaka saa mbili, Magharibi huingia na kutoka yeye angali kitini.

Vijana wengine hujibu: tutaikusanya na Isha. Hapana! Kukusanya sala ni rukhsa ya msafiri, na katika madhehebu ya Imamu Shafii aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, safari yake imekatika. Itakuwaje aliyepewa chumba kwa mwaka mzima? Afanye hivi: atawadhe kabla ya kuingia, aketi karibu na mlango, na wakati ukiingia atoke kwa adabu, aswali rakaa zake tatu mahali safi palipo karibu, arudi. Hazimchukui dakika saba. Wenzake hutoka kwa haja zao, na wengine hutoka kupokea simu.

Ama Ijumaa, dawa yake ni mwanzo wa muhula. Semina hugawanywa kwa makundi, na wiki ya kwanza mwanafunzi huweza kuchagua kundi. Achague lisiloangukia saa sita hata saa nane ya siku hiyo. Na ukiwa ni mhadhara wa wote, wanafunzi Waislamu waende pamoja kwa mwalimu wao mapema, ratiba ingali rasimu. Akingojea wiki ya sita hasikilizwi, nasi hatumlaumu mwalimu kwa hilo.

Imebaki fedha, nayo inatuhusu sisi wazazi. Mkopo wa Serikali kwa chakula na malazi, kwa anayeupata, ulipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/2023. Fedha hiyo haitolewi kila siku, hutolewa kwa mafungu ya siku nyingi pamoja, na wanafunzi huliita "bumu". Siku likiingia, baadhi ya wazee ndio wa kwanza kupiga simu: mdogo wako hana sare, paa linavuja. Mzazi afahamu kuwa hilo ni deni katika shingo ya mtoto, na akiajiriwa hukatwa sehemu 15 katika kila 100 za mshahara wake mpaka alimalize. Ukimpunguzia hizo elfu kumi, utamkuta mwisho wa fungu anashindia maandazi, na mwenye njaa hakai maktaba.

Na simu yenyewe ina wakati wake. Mpigie baada ya Isha, siku ambayo hana darasa la usiku, na ratiba yake uwe nayo nyumbani, imebandikwa ukutani. Muulize: leo ule mwanya wa saa tatu hata saa nane ulikuwa wapi? Magharibi uliswali wapi, na nani? Maswali haya hujibika. Lile la "masomo yanaendeleaje" jibu lake ni "vizuri" siku zote, hata kwa aliyekwisha kufeli.

Khabari ya binti asiyepata chumba chuoni, akapanga mtaani, na atokaye darasani saa mbili za usiku kutafuta daladala, ina mambo yake, nayo tutaieleza mwezi ujao, Inshaallah.