Herufi mbili kwenye lebo
Anayenunua shampeni kwa kufuata jina kubwa tu anajipunja. Soma maandishi madogo ya lebo: RM maana yake mkulima kaitengeneza mwenyewe kwa zabibu za shamba lake kule Champagne, Ufaransa, NM ni kampuni, ambayo aghalabu hununua zabibu kwa wakulima. Mimi humpa mkulima nafasi kwanza. Hata shampeni isiyoandikwa mwaka wa mavuno hukaa chupani miezi 15 au zaidi kabla ya kuuzwa, basi usiigandishe ikapoteza harufu. Nyuzi 8 hadi 10 zatosha. Kizibo kishikilie, uzungushe chupa taratibu. Kukirusha darini tuwaachie madereva wa mbio za magari. Kwa chakula cha kuandamana nayo, wajuzi watakutajia chaza. Sawa, ila chipsi zenye chumvi, zikiwa bado moto, naziona bora zaidi, kwa kuwa uchachu wa shampeni hukata mafuta.