Khitilafu za Wenzetu na Safu Zetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, kijana mmoja wa hapa Maparoni alitujia baada ya darasa la alasiri, naye amejaa furaha. Amesikia ya kwamba maaskofu wa Kianglikana wa Afrika wameachana na mkubwa wao wa Canterbury. Akauliza: "Maalimu, wale wanavunjikiana wenyewe kwa wenyewe. Je, si haki yetu kuwacheka?"

Kwanza yatupasa tulijue jambo lenyewe, kwani kumcheka mtu kwa usilolijua ni ujinga juu ya ujinga.

Katika Wakristo wako waitwao Wainjili, washikao ya kuwa Biblia ndiyo mwamuzi wa mwisho wa dini yao. Mwaka 2003 Kanisa la Episcopal la Marekani lilimsimika Gene Robinson kuwa askofu, hali akiishi na mwanamume mwenziwe. Desemba 2006 maaskofu wa Kianglikana wa Tanzania wakatangaza ya kuwa ushirika wao na kanisa hilo umeharibika. Februari 2023 baraza kuu la Kanisa la Uingereza likaridhia dua za kuwabariki wawili wa jinsia moja. Aprili ya mwaka ule ule wenye msimamo wa kale, wa jumuiya ya GAFCON, wakakutana Kigali wakasema hawana imani tena na uongozi wa Canterbury. Na tarehe 16 Oktoba 2025 mwenyekiti wao, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, akatangaza kuupanga upya ushirika wao juu ya msingi mmoja tu, nao ni Biblia.

Basi hapa pana la kucheka? Katika ndoa wamesema tusemalo sisi, ya kwamba nikahi ni ya mwanamume na mwanamke. Itikadi yao juu ya Nabii Isa (A.S.) hatuikubali, wala hatulifichi hilo. Lakini haki husemwa hata ikiwa kwa asiyekuwa wa dini yako.

Hata hivyo, hao hao waliokubaliana katika ndoa hawakubaliani katika mengine. Kenya walimweka Rose Okeno kuwa askofu wa Butere mwaka 2021, na wenzao wa Nigeria hawampi mwanamke hata ukasisi. Linalowasumbua ni hili: lipi ni shina, ambalo mwenye kuliacha ametoka, na lipi ni tawi, ambalo watu huweza kukhitilafiana wakabaki ndugu?

Swali hili si geni katika nchi zetu. Juni 1913 wamisheni wa Kianglikana, wa Kiskoti, wa Kimethodisti na wengineo walikutana Kikuyu, Kenya, wakitaka umoja. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliwapa ushirika wao mtakatifu hata wasiokuwa Waanglikana. Askofu Frank Weston wa Unguja alipopata habari, aliandika Canterbury kumshitaki yeye na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi katika dini. Ugomvi ukavuka bahari, ukawashughulisha wakubwa wa Uingereza mpaka 1915. Asili yake ilikuwa nini? Nani anastahili kukaa meza moja na nani.

Tulipofika hapa tulimwuliza kijana wetu: "Wewe alfajiri ya leo umesali wapi?" Akanyamaza. Tangu arejee kutoka mjini hasali nyuma ya baba yake, ambaye ni imamu, kwa kuwa mzee husoma kunuti. Husali peke yake nyumbani, na mama yake hulia.

Tukamwambia: "Mwanangu, meza ya Kikuyu na safu ya baba yako zina tofauti gani?"

Fahamuni, enyi vijana, ya kuwa kunuti ya Alfajiri ni sunna kwa Imamu Shafii, na si hivyo kwa Imamu Abu Hanifa na Imamu Ahmad. Hilo ni tawi. Sayyidna Uthman (R.A.) alipokuwa Mina alisalisha rakaa nne, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akisali mbili pale. Ibn Masud (R.A.) hakuridhika, wala hakuficha rai yake. Lakini alisimama katika safu akasali nne, kwa kuwa aliiona shari ya kufarikiana kuwa kubwa zaidi. Je, wewe una elimu kuliko Ibn Masud?

Na enyi wazee, kijana akiuliza dalili msimfukuze. Mjibuni kwa upole. Asiyejibiwa nyumbani hutafuta jawabu njiani.

Ama Wakristo tunaokaa nao, wakiwamo walimu na waganga wa zahanati waliotoka mbali kuja kutuhudumia katika visiwa hivi vya delta, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Ankabut tujadiliane na watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora. Na katika Al-Hujurat ametukataza kudharau watu.

Kijana ametupa ruhusa tuyaandike haya bila ya jina lake. Hajaturudishia jawabu. Nafasi yake katika safu ya baba yake ingali wazi, nasi twamwombea.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.