Kuzama si Kuzamia

Wauzaji wa tiketi za maonyesho ya mwanga, sauti na mwendo wana ahadi moja wasiyochoka kuirudia: mtazamaji "atazamishwa" ndani ya sanaa. Kwa msemaji wa Kiswahili, ahadi hiyo ingepasa kutia shaka papo hapo. Chombo huzama, na abiria huzama nacho. Lakini ashukaye chini kwa hiari yake, pumzi ameibana, akarudi juu na lulu mkononi, huyo hakuzama, alizamia. (Kuzamia meli ni habari nyingine, ingawa ughaibuni haikosi wanaoijua.) Irabu moja ya kauli ya kutendea imebeba tofauti ambayo biashara nzima imeisahau.

Tazama Atelier des Lumières ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 2018 ndani ya kiwanda cha zamani cha kusubu chuma. Projekta 140 hufunika kuta na sakafu kwa picha zinazotembea. Mwaka 2019 zamu ilikuwa ya Van Gogh. Mchoro wake wa usiku wa nyota, wa mwaka 1889, una kimo cha sentimita 73.7 na upana wa sentimita 92.1; mtu mmoja aweza kuubeba kwapani. Rangi yake ni nzito, imerundikwa juu ya turubai kwa matuta yanayotupa vivuli vyake yenyewe. Ukutani, matuta hayo hulainika yakawa mwanga mtupu. Nyota huzungushwa na programu, na muziki humwamuru mtazamaji ahuzunike lini na afurahi lini. Mzunguko ambao mchoraji aliunasa katika rangi isiyosogea, ukatulia na bado ukaonekana kwenda, sasa unakwenda kwelikweli. Jicho halina kazi iliyobaki.

Watetezi husema maonyesho haya huwafungulia mlango wasiothubutu kuingia makumbusho. Hoja hii ina sura ya ukarimu, lakini haiwezi kusimama London. Yaliyofika huko mwaka 2021 yalitoza kiingilio, ilhali Alizeti za Van Gogh mwenyewe zimetundikwa katika National Gallery, na kuzitazama ni bure. Mlango uko wazi tayari. Kinachouzwa ni njia ya kuuzunguka.

Wala kosa si la umeme. Kundi la teamLab, Tokyo, hutunga kazi zake kwa mwanga tangu mwanzo, na baadhi yake hubadilika kwa kadiri mtu anavyosimama au kupita. Hapo hapana turubai iliyosalitiwa. Na mwaka 2003 Olafur Eliasson alitundika jua katika ukumbi wa mitambo wa Tate Modern: nusu duara ya taa za manjano, dari ya vioo iliyoikamilisha, na ukungu mwembamba hewani. Walioingia walizidi milioni mbili. Wengi walilala sakafuni, wakajitafuta katika dari, wakapunga mikono ili wajitambue miongoni mwa wageni wengine waliokuwa wadogo kama sisimizi. Hakuna aliyefichwa hila. Aliyetaka aliweza kupita chini ya jua lile akaona taa zilivyopangwa, au akapanda ghorofa ya juu akaona mgongo wa vioo, kisha akashuka na kulala tena.