Leo usiku Roman Reigns anavuliwa mkanda

Ndiyo, mshindi ameshapangwa. Tulimalize hilo mapema, ili wale wanaonuna kila tukigusa habari za mieleka wafungue ukurasa wa matokeo na kutuacha kwa amani. Kuna watu wachache, pengine wanaotosha kwenye Noah moja, wanaojua ni mkono wa nani utainuliwa pale Lincoln Financial Field, Philadelphia, usiku wa kuamkia kesho Jumatatu. Sisi tuliobaki kazi yetu ni kukisia. Roman Reigns anatetea mkanda, Cody Rhodes anautaka. Ni siku ya pili ya WrestleMania ya 40, na kwa saa zetu shughuli inaanza saa nane usiku. Pambano lenyewe linawekwa mwisho, kwa hiyo wanaofunga watakuwa wameshaamka kwa ajili ya daku, hawana kisingizio.

Kutabiri mpira na kutabiri mieleka ni kazi mbili tofauti. Kwenye mpira unaangalia fomu, majeruhi, nani yuko nyumbani, kipa kaamkaje. Kwenye mieleka vyote hivyo havikusaidii. Unayemtabiri si mpiganaji, ni mtunzi. Unajiuliza hadithi imefika wapi, mashabiki wameahidiwa nini, na nani anadaiwa. Hilo la deni ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Chukua maumivu ya juzi Ijumaa. Kule Pretoria shuti la Aziz Ki liligonga mwamba, mpira ukadunda chini, na kila mwenye macho Tanzania anaamini ulivuka mstari. VAR ikasema hakuna bao. Yanga wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti 3-2, usiku uleule ambao Simba walikuwa wanamalizwa na Al Ahly kule Cairo. Unaweza kumlaani mwamuzi mpaka Idd ipite, lakini hakuna aliyekuahidi nusu fainali. Mpira haudaiwi na mtu. Mieleka inadaiwa, maana haina mwamba wa goli wa kusingizia. Mtoto akilia mbele ya televisheni kesho alfajiri, kuna mtu mzima aliyekaa ofisini akaamua alie.

Na kwa Cody deni ni la siku nyingi. Baba yake, Dusty Rhodes, mtoto wa fundi bomba aliyekuwa mnene na maneno matamu kuliko wapiganaji wote wa zama zake, alitwaa mikanda mikubwa kwingine lakini ule wa kampuni ya kina McMahon hakuupata. Mwaka 1977 pale Madison Square Garden alimshinda Billy Graham, bingwa wa wakati huo. Shida ni kwamba alimshinda kwa hesabu ya nje ya ulingo, na kwa sheria zao ushindi wa namna hiyo hauhamishi mkanda. Mshindi akarudi nyumbani mikono mitupu. Dusty alifariki Juni 2015. Mwaka uliofuata mwanawe, ambaye kampuni ilikuwa imempaka rangi usoni na kumpa jina la Stardust, akaondoka. Akaenda kushiriki kuanzisha kampuni pinzani ya AEW, akarudi Aprili 2022 akisema waziwazi kilichomrudisha: mkanda ambao mzee hakuuvaa.

Mwaka jana Los Angeles kila mtu alijua atauchukua. Alikuwa ameshinda Royal Rumble, alikuwa na wimbo wake unaoimbwa na uwanja mzima, na Roman alikuwa amechoka pale ulingoni. Kisha Paul Heyman akamzubaisha mwamuzi, Solo Sikoa akatokea, Cody akala kidole cha koo, Roman akamvaa kwa Spear, moja, mbili, tatu. Watu wazima waliozoea mieleka tangu enzi za mikanda ya VHS walikaa kimya kama wametoka msibani.

Wanaompa Roman ushindi leo wanalitumia usiku ule kama ushahidi. Wanasema: mlisema hivihivi mwaka jana. Ni hoja nzuri, nami siipuuzi. Wana na hoja ya hesabu. Leo Roman anatimiza siku 1,316 tangu achukue mkanda Agosti 30, 2020. Kwenye historia ya ubingwa mkubwa wa kampuni hii, waliokaa muda mrefu zaidi yake bila kushuka ni watatu tu: Bruno Sammartino na Bob Backlund, ambao hawafikiki, na Hulk Hogan mwenye siku 1,474. Roman akivuka leo, Septemba anampita Hogan. Mtu akikwambia kampuni itaacha rekodi kama hiyo idondoke ikiwa imebaki miezi mitano, una haki ya kumwangalia mara mbili.

Halafu kuna The Rock. Januari ameingia kwenye bodi ya TKO, kampuni inayoimiliki WWE, kwa hiyo huyu si mgeni mwalikwa, ni mwenye nyumba. Amekuja kumlinda binamu yake Roman. Machi 25 kule Chicago alimpiga Cody hadi damu, nje ya ukumbi, kwenye mvua, kwa raha zake. Mwenye kiti kwenye bodi akisema jambo, mtunzi anakataaje?

Mimi nasema wameshakataa, na tuliona kwa macho yetu Februari. Cody alishinda Royal Rumble kwa mara ya pili mfululizo, jambo ambalo kabla yake waliliweza Hogan, Shawn Michaels na Steve Austin tu. Siku chache baadaye, Februari 2, akasimama mbele ya Roman, akasema hatapigana naye WrestleMania, akampisha The Rock. Kwenye karatasi ilikuwa biashara safi: nyota wa sinema dhidi ya bingwa, damu kwa damu. Mashabiki wakalikataa. Hawakukataa kwa kunong'ona. Mitandaoni na ukumbini walilitaja jina la Cody mpaka ikafika mahali huwezi kuendesha kipindi bila kulisikia. Februari 8, Las Vegas, mbele ya waandishi, mambo yakageuzwa: Cody akasema anamtaka Roman, Rock akamnasa kibao, na tangu siku hiyo Rock amekuwa mbaya wa hadithi. Yaani mwenye nyumba aliambiwa na wapangaji ahamie chumba cha uani, na akahamia.

Sasa niambie, baada ya kuwasikiliza watu kiasi hicho, unawarudishia tena kilekile cha Los Angeles? Ukifanya hivyo hujamaliza pambano, umewafukuza wateja.

Mwaka wa kujifunzia ni 2014. Usiku mmoja tu, New Orleans, Aprili 6, WrestleMania ya 30. Undertaker alikuwa na ushindi 21 bila kupoteza kwenye WrestleMania, akapigwa na Brock Lesnar, na uwanja mzima ukabaki mdomo wazi. Wapinzani wangu wanaishia hapo: unaona, hakuna kisichowezekana. Lakini usiku uleule Daniel Bryan, kijana mfupi ambaye mashabiki walimdai tangu Januari walipomzomea Batista kwa kushinda Royal Rumble, alipigana mara mbili na kuondoka na mkanda. Undertaker kupoteza kulikuwa mshtuko, ila hapakuwa na ahadi iliyovunjwa, hakuna aliyeahidiwa kwamba mzee hatapigwa milele. Bryan alikuwa deni, na deni likalipwa. Na unajua pambano la kwanza usiku ule Bryan alimpiga nani? Triple H. Huyohuyo ambaye leo ndiye anayesimamia hadithi zote za WWE, sasa akiwa hana Vince McMahon juu yake, maana mzee aliondoka Januari. Mtu aliyelalia mgongo wake mwenyewe ili deni la mashabiki lilipwe, hahitaji kufundishwa somo hilo na mwandishi wa gazeti.

Hilo la rekodi ya Hogan nalo tulitazame vizuri. Siku 1,316 zinasikika nyingi, lakini Roman siku hizi anaonekana kwa msimu kama embe. Tangu WrestleMania iliyopita, mapambano ya kutetea mkanda unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kumsubirisha mpaka Septemba ni kuongeza siku kwenye kalenda, si kuongeza hadithi. Bingwa aliyekaa hivi ana faida moja iliyobaki, nayo ni kumpandisha atakayemshusha. Kila aliyemwangusha, John Cena, Drew McIntyre, Sami Zayn kule kwao Montreal, ndugu yake Jey Uso, amewekwa benki kwa ajili ya mtu mmoja. Ukichelewa kutoa, noti zinabadilishwa.

Hapa nichomekee neno kwa vijana wa mikeka. Nimeulizwa wiki nzima kama huko kwenye kampuni za nje zinazopokea dau la mieleka mtu aweke Cody. Jibu langu ni usiweke, hata kama nina uhakika naye. Unashindana na watu waliokwisha kuona jibu la mtihani. Timu yako ikifungwa umepoteza kwa bahati. Hapa unapoteza kwa sababu mtu wa kwenye Noah kamwambia shemeji yake.

Na kwa wale watakaosema kesho kazini kwamba ni maigizo tu: tafuteni picha za Cody za Juni 5, 2022. Msuli wa kifua ulikuwa umechanika, kifua chote cha zambarau kama mbilingani, na bado akaingia ndani ya kizimba cha Hell in a Cell na kupigana na Seth Rollins zaidi ya dakika 20. Matokeo yalipangwa. Msuli haukupangwa. Roman naye mwaka 2018 aliweka mkanda chini kwa sababu ya saratani ya damu. Ndiyo maana nakataa mtu akisema haijalishi nani anashinda. Hawa watu wanalipa kwa miili, na malipo yao ni kuchaguliwa. Hakuna heshima kubwa kwenye kazi yao kuliko kuambiwa, leo ni wewe.

Itakuwaje? Naandika kabla ya usiku wa kwanza, ambako Rock na Roman wanakutana na Cody na Rollins. Masharti ni kwamba kina Rock wakishinda, pambano la leo linapigwa kwa sheria za ukoo wa Roman, yaani bila sheria. Wakishindwa, ukoo haukanyagi karibu na ulingo. Wewe unayesoma asubuhi hii pengine matokeo umeshayaona. Mimi nawapa Rock na Roman. Shujaa anayeingia vitani mlango ukiwa umefungwa kwa wabaya wake hana cha kutuonyesha. Tena Cody akishinda peke yake kiulaini, ule usiku wa Los Angeles unakuwa haujajibiwa. Lazima Solo aje tena, Jimmy Uso aje, Rock mwenyewe aje, na safari hii wakute Cody naye ana watu.

Watu gani? Rollins wa kwanza, hata kama leo ana kazi yake na Drew McIntyre na goti lilimsumbua tangu Januari. Yeye na Roman walikuwa timu moja ya The Shield mpaka Juni 2014, Rollins alipomtandika Roman kiti cha mgongoni. Miaka 10 inakaribia na Roman hajawahi kulisahau, unaliona usoni kila wakikutana. Jey Uso naye ana hesabu na Jimmy. Wapo wanaosema Rock atamgeuka Roman papohapo. Sioni. Rock akitaka kugombana na Roman atalifanyia jambo hilo sikukuu yake peke yake, hawezi kuligawia usiku wa mtu mwingine.

Kwa hiyo: fujo nyingi, mwamuzi analala, Heyman anashika kichwa, Roman anajaribu Spear ya mwisho na inakosa. Mwaka jana Cody alipiga Cross Rhodes mbili, akaitafuta ya tatu wakamkatisha. Leo inafika ya tatu.

Tegesheni saa, na chaji ziwe zimejaa. Mgao wa umeme siutabirii.