Vipande Vinavyobaki kwa Fundi

Mama zetu na dada zetu mnaoshona majumbani, wiki hii nawaletea suala nililoulizwa Meru, nalo naamini limo katika kila nyumba yenye cherehani.

Nilikwenda huko katikati ya Julai kumsindikiza mpwa wangu aliyekwenda kuposa. Kutoka Nairobi tulipita Embu na Chuka, na kadiri tulivyoukaribia mji ndivyo koti langu la Mombasa lilivyozidi kuwa jepesi. Ikweta yapita karibu na Meru, lakini mtu wa pwani asidanganyike na ramani. Buibui za huko hutiwa bitana, na juu yake huvaliwa sweta.

Tulifikia Majengo, kwa mama mmoja mjane ambaye ni fundi. Cherehani yake ya kukanyaga iko kando ya dirisha, naye hushona buibui, hijabu za wanafunzi wa madrasa na magauni ya Idi. Mapambo hanunui dukani. Katika soko la Gakoromone hununua makoti ya mitumba yaliyochakaa kwa ajili ya vifungo vyake tu. Pazia kuukuu la lesi hulikata likawa ukingo wa mikono. Leso ikipasuka katikati, pindo lake hulishona chini ya gauni la mtoto, likawa urembo na likaongeza urefu wa mwaka wa pili. Mabaki ya vitambaa huyakata mshazari, upana wa vidole viwili, akayaunga na kuyakunja kuwa ukanda wa shingo. Ukikata wima, ukanda hukataa kupinda na shingo hujikunja. Hayo niliyajua kwa marehemu baba yangu, fundi wa kanzu, ingawa mkono wangu haukuyaweza.

Mapambo kama hayo hayana ubaya. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Bibi Asmaa bint Abi Bakr alilitoa juba la Mtume (s.a.w.), nalo lilikuwa limetiwa dibaji shingoni na kwenye kingo zake. Na mwanamume aliyeharamishiwa hariri ameruhusiwa upana wa vidole viwili, vitatu au vinne, yaani kadiri ya ukingo. Wazee wetu walikuwa na jina la kila sehemu ya kanzu: kaba, taharizi, kikwapa, sijafu, shada. Leo kijana huvaa kanzu ya Dubai wala hajui jina la kitanzi chake.

Sasa suala lenyewe. Kabla ya Idi, mteja alimletea mama huyu kitambaa cha bei kubwa ashonewe gauni la harusi. Gauni likatoka zuri, na kikabaki kipande cha kama nusu mita. Fundi akakitumia kwa gauni la binti yake: ukingo wa mikono, na vifungo vilivyovikwa kitambaa kile kile. Siku ya Idi mwenye kitambaa akakiona. Hakusema neno, lakini hakurudi tena, na jamaa zake watatu waliokuwa wateja nao wakapotea. Kwa mjane anayelipa karo kwa sindano, hilo si jambo dogo.

"Maalim," akaniuliza, "mafundi wote hubaki na vipande. Je, mimi nimeiba?"

Nilimjibu kwamba neno wizi ni zito kwa aliyefuata alichokikuta kikifanywa. Hata hivyo, kitambaa mkononi mwa fundi ni amana, na aya ya 58 ya Sura An-Nisaa inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Mafakihi huiangalia ada: nyuzi na vijipande visivyofaa kitu, hakuna anayevidai. Lakini nusu mita yafaa kitu, na yeye mwenyewe amelithibitisha hilo kwa vifungo vyake! Wako watakaonipinga kwamba ada ya mafundi ni kubaki navyo. Sikubali. Ada huhukumu pale pande zote mbili zinapoijua, na mteja huyu hakujua hata kwamba kimebaki. Ama fundi anayeagiza mita ya ziada akijua hataitumia, huyo yuko karibu na wale waliotajwa katika Sura Al-Mutaffifin, wala sina la kumtetea.

Njia ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Unapopokea kitambaa, uliza mabaki yatakuwa ya nani, ukaandike jibu daftarini pamoja na vipimo. Au unaporudisha nguo, weka vipande juu yake. Wengi watakwambia, "Baki navyo, mama," na hapo ni halali yako, ushone ukingo upendao.

Nilimshauri aende kwa mteja yule, amweleze, na ampe thamani ya kipande. Aliona haya. Alisema kulipa si tatizo, tatizo ni kubisha hodi.

Juzi amenipigia simu. Amekwenda. Yule bibi amepokea pesa na kumkaribisha chai, lakini kuhusu kurudi kushonesha hakutamka neno. Gauni la binti limo sandukuni, na ukingo wake haujafumuliwa.